Okapi: Kisu cha bei nafuu kinachosifiwa shambani na kuogopwa mitaani

KISU kikubwa cha kukunja kinaweza kuwa msaidizi mwaminifu wa mfugaji, mkulima au fundi. Hata hivyo, kisu hicho hicho kikiwa mfukoni mwa mtu asiyejua kukitumia, huweza kumkata vidole mwenyewe au kumfikisha mbele ya hakimu.

Miongoni mwa visu vya aina hiyo, ni vichache vilivyopata sifa barani Afrika kama Okapi. Ni kisu kirefu chenye mpini wa mti uliojipinda kidogo na kupambwa kwa nakshi za nyota na mwezi mwandamo, na mgongoni pana pete ndogo ya chuma.

Wanaokimiliki hukisifu kwa mambo matatu: ukubwa wake, wepesi wake na bei yake, ambayo mtu wa kipato cha chini anaweza kuimudu. Wanaokilaumu nao hutaja kutu, kulegea kwa bapa na jina baya ambalo kisu hicho kimejipatia katika mitaa ya miji mikubwa.

Je, kisu hiki kilitoka wapi, kinafanyaje kazi, na mnunuzi anapaswa kuzingatia nini kabla ya kutoa pesa zake?

Chimbuko lake

Historia ya Okapi ilianza mwaka wa 1902 nchini Ujerumani. Kilitengenezwa huko ili kisafirishwe na kuuzwa katika makoloni ya nchi hiyo barani Afrika.

Wakati huo Ujerumani ilitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, nchi ambazo kwa pamoja ziliitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vilevile ilitawala Kamerun, Togo na Namibia ya leo.

Jina la kisu lilitokana na mnyama okapi, ambaye ni jamaa wa twiga na anapatikana katika msitu wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wenyeji wa msitu huo walimfahamu mnyama huyo tangu jadi, lakini wanasayansi wa Ulaya walimpa jina la kitaalamu mwaka wa 1901 pekee.

Kwa hivyo, kisu kilipoingia sokoni mwaka mmoja baadaye, jina hilo lilikuwa geni na lenye mvuto huko Ulaya. Pia lilifaa kwa bidhaa iliyokusudiwa Afrika.

Ujerumani ilipoteza makoloni yake baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini kisu hakikupotea pamoja na utawala huo. Kiliendelea kutengenezwa Ujerumani kwa miongo mingi na kuuzwa katika nchi za joto, zikiwemo za visiwa vya Karibi.

Mnamo 1988, kampuni ya Okapi ya Afrika Kusini ilinunua haki za jina hilo pamoja na mitambo ya kutengenezea, na kazi ikahamia kusini mwa Afrika. Basi kisu kilichobuniwa ili Mwafrika auziwe na Mzungu sasa hutengenezwa katika ardhi ya Afrika yenyewe.

Huko Jamaica, visu vya aina hii vinajulikana kwa jina la "ratchet", kutokana na meno yanayolia bapa linapofunguliwa. Jina hilo limekuwa sehemu ya lugha ya mitaani ya kisiwa hicho.

Jinsi kinavyofanya kazi

Visu vingi vya kukunja vya zamani havikuwa na kifungio. Kamani iliyokuwa mgongoni ililikandamiza bapa lisiyumbeyumbe, lakini mtumiaji akisukuma kwa nguvu upande wa mgongo, kisu kilijikunja na kumkata vidole.

Okapi kina kamani ya chuma iliyolala mgongoni mwa mpini, na mwisho wa kamani hiyo pana tundu. Sehemu ya chini ya bapa, karibu na ribiti ambayo bapa huzungukia, imechongwa meno.

Mtumiaji anapokikunjua, meno hayo hupita moja baada ya jingine chini ya kamani na kutoa mlio wa kukatika-katika. Bapa likishanyooka kabisa, jino la mwisho huzama katika tundu na kisu hujifunga.

Ili kukikunja tena, mtumiaji huvuta pete, ambayo huiinua kamani na kulitoa jino ndani ya tundu. Hapo ndipo bapa huweza kurudishwa katika mpini kwa usalama.

Mtindo huu si mgeni duniani. Unafanana sana na ule wa visu vya kale vya Uhispania viitwavyo navaja, ambavyo pia vilikuwa na meno yenye kulia na pete au kishikio cha kuvutia.

Faida ya mtindo huu ni kuwa hauhitaji vipande vingi wala ufundi wa gharama kubwa. Vipande vikuu ni bapa, kamani, pete, ribiti na mpini tu, na ndiyo sababu kisu huweza kuuzwa kwa bei ya chini bila kukosa kifungio.

Katika masoko ya ng'ambo, Okapi cha ukubwa wa kawaida mara nyingi huuzwa kwa chini ya dola 30 za Marekani. Visu vikubwa vya kukunja vya kampuni zenye majina hupita dola 100 kwa urahisi.

Sifa kutoka kwa watumiaji

Sifa ya kwanza inayotajwa na wamiliki ni urefu wa bapa kulinganishwa na uzito. Bapa la aina inayojulikana zaidi hukaribia sentimita 10, lakini kwa kuwa ni jembamba na mpini ni wa mti, kisu hakivuti suruali chini wala kuchosha mkono.

Wembamba huo una maana kubwa katika kazi. Bapa jembamba hupenya nyanya, kitunguu, mkate na nyama bila kuvipasua, kazi ambayo visu vinene vilivyoundwa kwa ajili ya kazi ngumu hushindwa kuifanya vizuri.

Kwa sababu hiyo, kisu hiki hutumika shambani na jikoni vilevile. Mtu anaweza kukata kamba ya katani asubuhi, kumenya chungwa adhuhuri na kuchuna ngozi ya mbuzi jioni, mradi tu akioshe baina ya kazi hizo.

Sifa ya pili ni urahisi wa kunoa. Bapa la Okapi la kawaida ni la chuma chenye kaboni, ambacho si kigumu kupita kiasi. Makali yake huisha upesi kuliko ya visu ghali, lakini hurudi upesi pia kwa kinoo cha kawaida.

Kwa mtu anayeishi mbali na mji, hilo ni jambo la maana. Chuma kigumu sana huhitaji vinoo maalumu, ilhali hiki hukubali hata jiwe laini la mtoni.

Wahenga walisema kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na hawakusema ni mwenye kisu ghali.

Sifa ya tatu ni kwamba mwenyewe hana hofu ya kukitumia. Kisu cha bei kubwa aghalabu huishia kabatini kwa kuogopewa mikwaruzo. Cha bei nafuu hufanyiwa kazi, na kikipotea porini, hasara yake huvumilika.

Malalamiko yao

Licha ya sifa hizo, wamiliki hawafichi kasoro zake. Ya kwanza ni kuwa kisu kipya mara nyingi hakina makali ya kutosha, na mnunuzi hulazimika kukinoa kabla ya kukitumia.

Aidha, utengenezaji haulingani. Mtu anaweza kupata kisu ambacho bapa lake linakaa katikati ya mpini barabara, na mwenzake akapata ambacho bapa limeegemea upande mmoja na kukwaruza mti kila linapofungwa.

Bapa kuyumba ni lalamiko jingine la kawaida. Kwa kuwa sehemu hiyo imeshikwa na ribiti badala ya skrubu, mtumiaji hawezi kuikaza kwa bisibisi. Wenye ujuzi huweka ribiti juu ya chuma kigumu na kuigonga polepole kwa nyundo ndogo hadi mwanya upungue.

Kazi hiyo yahitaji subira, kwani pigo moja la kupita kiasi hulikaza bapa lisifunguke tena. Ni heri kugonga kidogo, kujaribu, kisha kugonga tena.

Kamani nayo huwa kali sana kisu kikiwa kipya. Wengine huona taabu kuvuta pete kwa kidole kimoja, hasa mikono ikiwa na mafuta au jasho. Kamani hulainika kwa matumizi, lakini ikilainika mno, jino huweza kutoka katika tundu bila kutarajiwa.

Zaidi ya hayo, pete yenyewe hunasa nyuzi za mfuko, na ikivutwa kwa bahati mbaya wakati wa kazi, kifungio hufunguka. Hii ndiyo kasoro inayopaswa kumtia mtumiaji tahadhari kuliko zote, maana inagusa vidole vyake.

Mwisho ni kutu. Chuma chenye kaboni hakivumilii maji ya chumvi wala juisi ya ndimu. Kikiachwa na unyevu usiku kucha, asubuhi huonekana madoa ya rangi ya kahawia.

Vinavyoshindana nacho

Mafanikio ya Okapi yamewafanya wengine wauige mtindo huo. Kampuni ya Cold Steel ya Marekani iliunda kisu kiitwacho Kudu, jina la Kiingereza la mnyama tandala, ambacho kina pete na meno kama ya Okapi.

Tofauti ni kuwa mpini wa Kudu ni wa plastiki ngumu na bapa lake ni la chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Urefu wa bapa hukaribia sentimita 11, na bei yake pia imekuwa ya chini.

Wapenzi wa Kudu husema kuwa kinafaa zaidi wavuvi na wakazi wa pwani, kwani hakiliwi na chumvi haraka. Wapenzi wa Okapi hujibu kuwa plastiki haina uzuri wa mti, na kuwa chuma chenye kaboni hunoleka vizuri zaidi.

Mshindani mwingine ni Opinel cha Ufaransa, kilichobuniwa na Joseph Opinel katika eneo la Savoie mwaka wa 1890. Hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali unaotambulishwa kwa nambari, na nambari 12 ina bapa la sentimita 12.

Opinel hakina meno wala pete ya kuvuta. Tangu 1955 kimekuwa na mkufu wa chuma unaozunguka shingo ya mpini. Mtumiaji huuzungusha kwa kidole na bapa haliwezi tena kujikunja.

Kifungio hicho ni imara na hakifunguki kwa kuvutwa. Hata hivyo, mti wa mpini wa Opinel huvimba ukilowa maji, na bapa huwa gumu kukunjua mpaka mti ukauke.

Kwa ufupi, hakuna kati ya vitatu hivyo kilicho kamili. Mnunuzi huchagua kasoro anayoweza kuishi nayo.

Namna ya kukitunza

Kisu cha kaboni hakihitaji vifaa vya gharama. Baada ya kazi, kioshwe kwa maji safi, kipanguswe hadi kikauke, kisha bapa lipakwe tone la mafuta. Kwa kisu kinachokata chakula, mafuta ya kupikia yanatosha, mradi yapanguswe na kupakwa upya yasije yakaganda.

Sehemu ya ribiti isisahaulike, kwa sababu mabaki ya chakula na mchanga hujificha humo. Kisu kikunjuliwe nusu, kisafishwe kwa kijiti na kitambaa, halafu kitiwe mafuta kidogo.

Kadiri siku zinavyopita, bapa hugeuka rangi na kuwa la kijivu kilichokoza. Rangi hiyo si kutu ya kudhuru. Ni utando mwembamba ambao hupunguza kasi ya kutu nyekundu, na wamiliki wengi huuacha kwa makusudi.

Wakati wa kunoa, pembe ya takriban digrii 20 kila upande hufaa kwa kazi za kawaida. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2.5, hiyo ni sawa na kuinua mgongo wa kisu kiasi cha milimita 8 au 9 juu ya kinoo.

Kisukumwe mbele kana kwamba kinakata kipande chembamba cha jiwe, upande mmoja kisha mwingine, kwa idadi iliyo sawa. Tupa na mashine ya kunolea inayozunguka kwa kasi ziepukwe, kwani tupa hula chuma kingi, na joto la mashine huondoa ugumu wa makali.

Usalama wa vidole

Kifungio chochote cha kisu cha kukunja ni kinga ya ziada tu. Si kisingizio cha kutumia kisu kama patasi, mtaimbo au bisibisi.

Kabla ya kazi, mtumiaji ahakikishe kuwa amesikia mlio wa mwisho na kuona jino limezama katika tundu. Asilisukume bapa kwa upande wa mgongo, asichome vitu vigumu kwa ncha, na wala asikate akielekeza makali kwake.

Wakati wa kukunja, vidole viwekwe ubavuni mwa mpini, si katika mfereji ambamo bapa hulala. Wengi wanaojeruhiwa huvuta pete huku kidole kikiwa bado njiani.

Ajali ikitokea, jeraha libanwe kwa kitambaa safi bila kuachilia, na mkono uinuliwe juu. Damu isipokoma, au kidole kikifa ganzi ama kushindwa kukunjika, mwathiriwa apelekwe hospitalini haraka, kwani huenda mshipa wa fahamu au ukano umekatwa.

Jeraha la kisu kilichotumika shambani pia huweza kuleta pepopunda. Kwa hivyo ni muhimu kumweleza mhudumu wa afya ni lini mgonjwa alipopata chanjo ya mwisho.

Sheria inasemaje

Umaarufu wa Okapi una upande wa giza. Nchini Afrika Kusini, bei yake ya chini na urahisi wa kukificha vimekifanya kihusishwe kwa muda mrefu na wahalifu, kiasi kwamba wapo wanaomshuku yeyote anayekitoa mfukoni, hata kama anataka kumenya tufaha.

Sheria ya Silaha Hatari ya nchi hiyo ya mwaka wa 2013 hutazama mazingira. Kumiliki kisu si kosa, lakini kupatikana nacho katika hali inayoonyesha kuwa mtu alinuia kukitumia kinyume cha sheria ni kosa.

Hapa Kenya, Kanuni ya Adhabu inafuata mantiki inayokaribiana na hiyo. Kifungu cha 88 kinamkataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu.

Kifungu cha 308 ni kikali zaidi. Anayepatikana na silaha ya hatari katika mazingira yanayoashiria nia ya kutenda uhalifu mkubwa hukabiliwa na kifungo cha miaka isiyopungua 7 na isiyozidi 15.

Maana yake ni kwamba mkulima aliye na kisu shambani hana la kuhofia. Kijana aliye na kisu hicho hicho usiku wa manane nje ya kilabu cha pombe atakuwa na maswali magumu ya kujibu.

Wakenya wanaosafiri ng'ambo wanafaa kuwa makini zaidi. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 1988 inaruhusu kubeba hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 pekee, na mahakama iliamua mwaka wa 1993 kuwa chenye kifungio hakimo katika ruhusa hiyo. Okapi hukosa masharti yote mawili.

Ujerumani nayo ilikaza sheria zake Oktoba 2024, baada ya watu watatu kuuawa kwa kisu Agosti mwaka huo katika sherehe za mji wa Solingen. Ni mji uleule ambao kwa karne nyingi umesifika duniani kwa utengenezaji wa visu.

Katika ndege, kisu cha aina hii hakiruhusiwi kwenye mizigo ya mkononi. Kiwekwe ndani ya sanduku linalokabidhiwa kwa wahudumu, ama kiachwe nyumbani.

Kabla ya kununua

Anayetaka kisu hiki ana nafasi nzuri ya kukikagua iwapo ananunua dukani. Akikunjue na kukikunja mara kadhaa, asikilize meno, na ahakikishe kuwa jino la mwisho limezama kabisa katika tundu.

Kisha alishike bapa na kulitikisa kwa upole juu na chini, halafu kulia na kushoto. Mtikisiko mdogo wa pembeni ni wa kawaida kwa kisu cha bei hii, lakini bapa likijikunja bila pete kuvutwa, kisu hicho kirudishwe papo hapo.

Mpini utazamwe kama una nyufa, na bapa likifungwa, ncha isitokeze nje ya mti hata kidogo. Ncha inayochungulia hutoboa mfuko kwanza, kisha paja.

Zaidi ya yote, mnunuzi ajiulize anakihitaji kwa kazi gani. Iwapo jibu ni kamba, matunda, ngozi au mbao, Okapi kitampa huduma ya miaka mingi kwa fedha kidogo. Iwapo jibu ni kujilinda mitaani, basi pesa hizo afadhali azitumie kwa nauli ya kurejea nyumbani mapema.